Mkate wa Ndugu

Asubuhi ile Avis Garrod aliomba mkate kwa mikono. Hakutamka neno. Aligusanisha vidole gumba na vidole vya shahada vya mikono yote miwili, akapata duara, akaliinua juu ya meza mama yake alione, kisha akasubiri.

Hester alidhani ni mchezo. Mtoto wa miaka saba, theluji imeziba barabara, shule imefungwa, unategemea afanye nini? Akamkatia kipande chembamba, maana majira yale ya baridi, vita vimekwisha lakini njaa haijaisha, hata mkate ulikuwa wa mgao, kwa kadi. Avis akakipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kama mzee wa kanisa, akala bila kudondosha chembe. Halafu akaweka kidole chake cha mwisho mdomoni, akakinyonya kama kichanga.

"Maziwa?" Hester akauliza, na papo hapo akajishangaa amejuaje.

Avis akaitikia kwa kichwa.

Reuben, baba yake, ndio kwanza alikuwa anaingia kutoka kukamua, ndoo mkononi, masharubu yameganda barafu. Akasema mtoto kachoka na maneno mengi ya mama yake, sasa anamfundisha adabu. Hester akamrushia kitambaa cha vyombo, na wote wawili wakacheka. Ndipo Hester alipoona mtoto amekaa wapi, kicheko kikamkauka.

Avis hakuwa kwenye kigoda chake karibu na jiko. Alikuwa mwisho wa meza, mgongo ukutani, kwenye kiti cha Ndugu. Kiti kile hakikaliwi na mtu.

Sisi wa Saxholme tunaijua habari hiyo tangu utotoni, ingawa hatuizungumzi. Watu wa huku wako tayari kukuhadithia magonjwa ya ng'ombe wao mpaka jua litue, lakini mambo ya namna hii wanayameza. Pale lilipo shamba la akina Garrod palikuwa na nyumba ya watawa Wabenedikto. Miaka mia nne iliyopita, yule mfalme wa wake sita alipowafukuza watawa nchi nzima, paa liling'olewa, kengele ikayeyushwa, na Garrod wa kwanza akaja na mkokoteni kusomba mawe. Ukitaka kuona kilichobaki, nenda kwenye banda la nguruwe la Reuben: utakuta nguzo zimechongwa majani na zabibu, na nguruwe amejiegemeza hapo kwa raha zake. Mengine ni mabonde na vilima vidogo kwenye malisho. Ukuta mmoja tu ulibaki wima, ule wa ukumbi wa chakula, na Garrod akaona si vizuri kupoteza ukuta mzima, akaiegemeza nyumba yake hapo. Ndio ukuta wa jikoni kwao.

Watawa walikula kimya, wakiombana chakula kwa ishara za mikono. Mmoja akifa, mkate wake uliendelea kuwekwa mahali pake mezani mwezi mzima, kila siku mkate mpya, kisha ulipelekwa langoni akapewa mwenye njaa. Wa mwisho kufa alikufa wiki ileile watu wa mfalme walipofika, na wenzake wakafukuzwa kabla hajawekewa hata kipande. Inasemekana Garrod wa kwanza hakupata usingizi katika nyumba yake mpya mpaka alipoahidi kwamba kila atakayefia humo atawekewa mkate kwenye kiti cha mwisho, mwezi mzima, na mkate huo atapewa mwenye njaa. Akina Garrod wakaishika ahadi hiyo, baba kwa mwana. Wakauita mkate wa Ndugu, kwani ndivyo watawa walivyoitana.

Basi mzee Jabez, baba yake Reuben, akafariki mle nyumbani baada ya Krismasi.

Hester hakuwa mtu mbaya, lazima niseme hivyo. Alikuwa mtu wa kubana matumizi. Siku ya kwanza aliweka kipande, lakini theluji ilikuwa kiunoni na hakuna aliyebisha langoni, naye akakirudisha kwenye kopo la mkate. Kesho yake akakiweka kilekile. Mwezi mzima kipande kimoja kilitoka kwenye kopo asubuhi na kurudi jioni, kikikauka mpaka kikawa kinagonga sahani kama kigae. Reuben aliona, akamwacha. Mwezi ulipokwisha, Hester akafanya ambalo mama yeyote wa huku aliyelelewa asitupe chakula angelifanya: akakiloweka kwenye maziwa pamoja na makoko mengine, akatia zabibu kavu na sukari aliyoidunduliza, akaoka pudini. Reuben hali pudini ya mkate tangu alipolazimishwa shuleni. Hester mwenyewe alimwachia mtoto. Avis akaila yote, akalamba na bakuli.

Hiyo ilikuwa jioni ya kuamkia asubuhi ile Avis alipoomba mkate kwa mikono.

Siku zilizofuata Avis hakusema. Walimbembeleza, wakamtania, Reuben akamwahidi mwanakondoo wa kwanza atakayezaliwa. Mtoto aliwatazama kwa upole, kama mtu anayewasikia kutoka ng'ambo ya mto. Kila mlo alikwenda kwenye kile kiti; wakimtoa, alirudi. Ijumaa, siku ambayo watawa hawali nyama, aliuchezesha mkono wake kama mkia wa samaki, na nyumba ile haikuwa imeona samaki tangu miti ilipopukutisha majani. Mikono yake ikawa ya baridi hata akiwa mbele ya moto. Hester aliisugua, akaipulizia pumzi, akaiweka kwapani mwake, na baridi ikabaki palepale.

Kisha ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya sufu iliyolowa na mshumaa uliozimwa sasa hivi, nayo ilitoka kwenye ukuta wa jikoni, chini, usawa wa mtu aliyeketi. Baada ya harufu ukaja mlio. Ko, ko, ko. Mbao juu ya mbao, taratibu, kutoka malishoni ambako hakukuwa na mbao wala mtu.

Reuben alitoka mchana kweupe kwenda kuangalia, jua la baridi limelala chini na kutupa vivuli virefu, na aliposimama juu ya kile kilima kidogo akaiona nyumba nzima ya watawa imechorwa kwenye theluji kwa vivuli, kanisa lake, ukumbi wake, uwanja wake wa katikati, kila chumba mahali pake, na mlio ulikuwa unatoka mle katikati ambako theluji ilikuwa safi haijakanyagwa hata na ndege, na alipotaka kuita kuuliza nani yuko huko, kwani ndivyo mwenye shamba anavyofanya, mdomo ukafunguka na sauti haikutoka. Alirudi nyumbani akakaa karibu na jiko. Hester alimuuliza ameona nini. Akasema hakuna kitu, theluji tu.

Tangu siku hiyo jikoni mle ikawa hivyo kila Avis anapokaa kwenye kiti: neno linafika kwenye ulimi na kugoma. Hester angetaka kusema nipe chumvi, na chumvi isingesemeka, nao wangekaa watatu chini ya ule ukuta, vijiko vikigusa sahani, harufu ya mshumaa ikizidi, mtoto akiomba kwa vidole hiki na kile kwa adabu ya mtu mzima asiyemjua, mpaka Reuben mwenyewe, bila kukusudia, akajikuta ananyoosha mkono kuonyesha kile anachotaka, akaushika kwa mkono mwingine na kuukandamiza juu ya paja.

Daktari alikuja kwa trekta ya jirani, akasema ni majonzi ya babu. Kasisi wa kijiji, wa Kianglikana, akaja akasali, akaingiwa na kikohozi katikati ya sala, na alipotoka nje akamwambia Hester, kwa aibu kidogo, kwamba mambo haya hayamo katika vitabu vyake. Ila anamfahamu mtawa mmoja, mama mzee wa Kibenedikto, upande wa pili wa jimbo.

"Mtawa wa Kirumi ndani ya nyumba ya baba yangu?" Reuben alisema. "Si tuliwafukuza hawa?"

"Mliwafukuza," Hester akamjibu, "na mmoja hakuondoka."

Sista Etheldreda alikuja kwa lori la maziwa, amevaa viatu vya mpira chini ya vazi lake jeusi, mafua yamemkaba. Kitu cha kwanza alichosema ni kwamba angeshukuru sana akipata chai. Akanywa vikombe viwili, akauliza habari za ng'ombe, akamsifu Reuben kwa siagi yake, na Reuben akaanza kumwona si mbaya kwa mtu wa dini ile. Kisha wakaketi kula chakula cha mchana, na Avis akaenda kwenye kiti chake.

Kimya kikaingia. Sista hakuonyesha kushangaa. Kimya hicho alikuwa amekaa nacho maisha yake yote. Aliinua mkono, akagusa midomo, akageuza kiganja. Mikono ya Avis ikainuka kujibu. Mwanzo ilikwenda polepole, halafu haraka, halafu haraka kupita kiasi, vidole vya mtoto vikikunjana na kufunguka kwa ustadi wa mtu aliyefanya hivyo miaka mingi. Uso wa Avis ulikuwa umetulia kama wa aliyelala. Hester aliiangalia ile mikono na kujua kwamba hakuizaa yeye.

Sista aliinuka, akawaashiria wazazi wamfuate hadi chumba cha maziwa, akafunga mlango. Alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Nani alikula mkate wa huyo Ndugu?" akanong'ona.

Hester akamweleza yote, kopo na kipande na pudini, machozi yakimtiririka. Alisema alijua anafanya ujanja, ila alijua anamfanyia ujanja marehemu, hakujua unamwangukia mwanawe.

"Nisikilize, mama. Ndugu huyu si mwovu. Ni mwenye njaa, na mwenye njaa ya miaka mingi hivyo hana huruma. Kile kiti kina mkate au kina mtu. Aliyekula fungu la Ndugu amekaa mahali pa Ndugu. Na ule mlio mnaousikia ni ubao. Sisi tunaugonga mmoja wetu anapokata roho, ili wenzake waje."

"Wanamjia mwanangu?"

"Wako njiani."

Akawapa masharti. Mkate mpya kila siku, mwezi mzima, na uwe kutoka kwenye mgao wa Hester mwenyewe. Ukae mezani mbele ya kiti mpaka mlo uishe, kisha upelekwe langoni na apewe mwenye njaa, mkono kwa mkono. Na Avis atautaka. Atautaka kuliko kitu chochote duniani. Akiugusa tena, mwezi unaanza upya, na sidhani, alisema Sista, kama ana miezi miwili.

Reuben alikuwa ameegemea mlango. Mwishoni akauliza, macho sakafuni, "Na mtu mwingine akiula? Kiti kitamwacha mtoto?"

Sista akatikisa kichwa. "Hilo usiliulize, bwana Garrod."

Tatizo likawa mwenye njaa. Saxholme ilikuwa na dhiki, lakini hakuna ambaye angekubali kusimama langoni kwa Garrod kuomba mkate. Heri afe, majirani wasije wakasema. Wenye njaa waliokiri njaa yao walikuwa wale wafungwa Wajerumani, bado hawajarudishwa kwao, walioletwa kila siku wakiwa na koleo kufukua theluji barabarani. Na Reuben alikuwa na kijana wake mkubwa, Clem, ambaye vita havikumrudisha. Picha yake ilikuwa juu ya jiko.

"Siwezi," Reuben alisema. "Niombe chochote, Hester. Siwezi kulisha mikono iliyomuua Clem."

"Clem amekwenda. Nimebaki na mmoja. Mimi nitawalisha, wewe geuza uso."

Basi kazi wakaigawana. Hester alikata kipande chake, akakiweka mbele ya kiti. Reuben alimpakata Avis na kumshika mikono. Nyie mnaojua nguvu za Reuben Garrod, mwanamume anayebeba ndama begani, mtashangaa nikisema jasho lilimtoka. Mtoto alijipindapinda, akanyoosha shingo, akatoa ulimi kuuelekea ule mkate, bila sauti, huku ubao ukigonga malishoni, ko, ko, ko, na Reuben akimwimbia sikioni wimbo usio na maneno kwa kuwa maneno yalikataa. Mlo ukiisha Hester alikimbia langoni. Alimpa mfungwa mmoja kijana, Konrad, mwenye pua nyekundu na masikio makubwa, ambaye aliumega mkate ule vipande vidogo akawagawia wenzake kabla ya kula wake. Hester hakutaka kumpenda. Lakini siku moja alimpelekea hata soksi za Clem.

Ilisaidia. Baridi ilianza kutoka mikononi mwa Avis, kidole baada ya kidole. Siku moja alicheka paka alipoangukia ndoo, na Hester akaketi chini sakafuni kwa furaha. Siku nyingine alinong'ona jina la ng'ombe. Hester mwenyewe alikuwa anaisha. Alikula viazi na kabichi tu, nguo zikampwaya, lakini alisema hajawahi kuwa na afya nzuri kama hiyo, na Reuben akajifanya anaamini.

Mwezi ulipokaribia kwisha theluji ikaanza kuyeyuka, mashamba yakawa ziwa, na siku yenyewe ya mwisho Hester hakuweza kuinuka. Homa ilimlaza. Kipande alikikata akiwa kitandani, na Reuben akakipeleka mezani, akambana Avis kwa mkono mmoja mpaka mlo ukaisha, kisha akapanda ngazi na mkate umefungwa kwenye kitambaa.

"Mpe yule kijana," Hester alimwambia. "Usimtazame kama hutaki. Lakini mpe, Reuben. Mkono kwa mkono."

Reuben akambusu kwenye paji la uso. Si kawaida yao mchana, na Hester angepaswa kujiuliza, lakini homa ilikuwa kali. Kupitia dirishani alimwona mumewe akivuka uwanja kwenye tope, kofia imeshushwa, akielekea langoni, ambako wafungwa walikuwa wanajaza mifuko ya mchanga. Akafika kwenye kona ya banda la nguruwe. Akasimama. Akasimama sana. Kisha akapinda nyuma ya banda, ambako dirisha halioni.

Ubao ukanyamaza. Hester alikuwa ameuzoea hivi kwamba kunyamaza kwake kulimshtua kuliko mlio. Na mara kutoka chini, kwa sauti kubwa, ya kawaida, ya mtoto mwenye hasira, akasikia:

"Mama! Nina njaa! Kwa nini hakuna mtu anayepika?"

Alishuka ameshika ukuta. Avis alikuwa kwenye kigoda chake karibu na jiko, na alikuwa anasema, Mungu wangu, alikuwa anasema: paka amefanya hivi, soksi zinawasha, mwanakondoo niliyeahidiwa yuko wapi, mbona umekonda mama. Hester akampakata, akambusu mikono, mikono ya moto yenye uchafu kwenye kucha, mikono yake mwenyewe aliyoizaa. Alilia mpaka akachoka. Ndipo akamtafuta Reuben ashangilie naye.

Reuben alikuwa mwisho wa meza, mgongo ukutani. Kitambaa kilikuwa mbele yake, kitupu. Kwenye masharubu yake kulikuwa na chembe za mkate.

"Ulimpa?" Hester akauliza. "Reuben. Ulimpa?"

Alimtazama kwa macho yaliyojaa kitu ambacho Hester amekifikiria kila siku tangu siku ile. Midomo ikatikisika. Kisha akainua mkono wake mkubwa wa kukamulia, akaweka kidole cha mwisho mdomoni.

"Baba anaomba maziwa," Avis akasema.

Hester hajui mpaka leo. Inawezekana alifika kwenye kona ile, akamwona Mjerumani amevaa soksi za Clem, akashindwa, akaula kwa chuki. Inawezekana aliogopa kwamba mkate hautoshi na akaamua kukaa yeye mahali pa mtoto. Anayejua ni mmoja, naye hasemi.

Kila asubuhi Hester anakata kipande kipya kutoka fungu lake na kukiweka mbele ya kiti. Anajua masharti: mwezi mmoja tu bila Reuben kuugusa mkate, naye atarudi. Kisha anamshika mume wake mkono wa kulia, na Avis anamshika wa kushoto kwa nguvu zake zote, huku ubao ukigonga malishoni. Na kila siku Reuben anawasogeza wote wawili kando, taratibu, bila kuwaumiza, kama anavyosogeza ndama, anauchukua mkate, na kuula.